Swali la Nne

Darasa la tatu, Jumanne, mji mdogo wa milima ya Jura.
Theluji imelala uani tangu Jumamosi
na nyayo za watoto zimeganda humo kama mihuri.

Nimewagawia karatasi moja moja:
aya tano za maisha ya Honorine Barbezat,
binti wa fundi saa, mchoraji,
aliyebeba kigoda hadi ukingo wa mto Doubs
akachora daraja lile lile mara kumi na tisa,
alfajiri, adhuhuri, machweo,
na siku moja ya ukungu
daraja lilipokuwepo kwa imani tu.

"Someni kimya, kisha jibuni."
Kimya cha watoto wa miaka minane si kimya:
midomo inatafuna silabi,
meno yanatafuna penseli,
mtu anapiga chafya, wawili wanamcheka.

Swali la kwanza: baba yake alifanya kazi gani?
Mikono inachipuka juu. Jibu limekaa mstari wa pili,
halikujificha.
La pili: madaraja mangapi?
Apolline amekwisha kuyahesabu, ameyapigia mstari.
La tatu: wakubwa wa mjini walizionaje picha zake?
"Walisema ni uji uliomwagika!" anapaza Côme,
na uji unarukaruka darasani dakika nzima.

La nne nililitunga mwenyewe usiku, nikijiona hodari.
Rudini aya ya nne, nasema. Honorine alijisikiaje?
Aya ya nne ni fupi:

Majira ya baridi ya mwaka ule hakununua kuni.
Alinunua bomba moja la rangi ya buluu.
Akachora theluji bila tone la nyeupe.

Faustine: alifurahi, maana alipata buluu yake.
Côme: alikosea, theluji ni nyeupe, kila mtu anajua.
Nawainua wote hadi dirishani.
Kivuli cha ua kimelala juu ya theluji,
na kivuli kile, tazama,
kina rangi ya wino.
"Ah," anasema Côme, kama aliyeibiwa kitu.

Lazare hakuja dirishani.
Amebaki na koti lake, limefungwa hadi kidevuni,
kidole kikipita chini ya maneno
kama mtu avukaye kijito kwa mawe.
Yeye ndiye wa mwisho kumaliza, kila siku.
Leo amefika mwisho, akarudi, akafika tena.

"Vidole vilimuuma," anasema.
"Imeandikwa wapi?" Apolline, mpenda sheria,
anageuza karatasi, anatafuta hata nyuma.
"Haikuandikwa. Lakini hakununua kuni."
Halafu, kwa sauti ya chini, akiiambia meza:
"Usiku kukiwa na baridi sana
kila kitu chumbani huwa buluu.
Hata mkono wako."

Hapo ndipo kimya kilipokuja, kile chenyewe.

Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandaa jibu sahihi:
alijitolea kwa ajili ya sanaa yake.
Maneno mazuri, yamepigwa pasi.
Mimi niliyelala kitanda chenye mablanketi matatu
nilikuwa nimewauliza watoto habari za kunguni.
Nikayafuta. Kifutio kikaacha doa la kijivu,
nikaliacha doa lilivyo.

Swali la tano hatukulifikia.
Kengele ililia, viti vikakwaruza,
Côme akakimbia kwenda kukanyaga kile kivuli.
Lazare alikunja karatasi mara nne
akaitia mfukoni, ingawa nilisema mziache mezani.
Sikumwita.

Jumatano hakuna masomo.
Alhamisi walipoingia walikuta nimepanga meza upya,
na ya Lazare iko chini ya dirisha,
ubavuni mwa hita.
"Kwa nini yeye?" aliuliza Apolline.
Nikamwambia ni kwa ajili ya mwanga.
Alinitazama kitambo,
akatazama koti lililoning'inia nyuma ya kiti, tupu,
kisha akafungua daftari lake
na hakuniuliza imeandikwa wapi.